Ufundi wa ngozi: Anza kwa sindano mbili kabla ya cherehani

MKOBA hununuliwa Januari, watoto wanaporejea shuleni, na kabla ya likizo ya Aprili mkanda wake umekwisha kung'oka. Mwenye mkoba akiuchunguza ataona kwamba ngozi yenyewe haijararuka. Kilichokatika ni uzi, tena mahali pamoja tu. Lakini baada ya hapo uzi uliobaki umeachia kidogo kidogo hadi mshono mzima ukafumuka.

Aghalabu ni kisa kama hiki kinachomtia mtu hamu ya kujifunza kushona ngozi kwa mikono yake mwenyewe, si kwa kutafuta riziki bali kama uraibu wa jioni baada ya kazi au wa mwishoni mwa juma. Na aghalabu swali lake la kwanza huwa hili: ni cherehani gani inayofaa kununuliwa?

Swali hilo huja mapema mno. Cherehani ya ngozi ni ghali, cherehani ya nguo mara nyingi haiiwezi ngozi, na mtu asiyejua mshono unavyoshikilia hawezi kujua ni mashine ipi inayomfaa. Anayeanza na sindano mbili, uzi na nta hutumia fedha kidogo, hujifunza tabia ya ngozi, na hupata mshono ulio imara kuliko wa mashine. Cherehani ina nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ya baadaye.

Ufundi wa kale, mashine changa

Mwaka wa 2008, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba katika pango moja nchini Armenia walipata kiatu cha ngozi ya ng'ombe chenye umri wa takribani miaka 5,500. Kiatu hicho kilikatwa kutoka kipande kimoja cha ngozi, kikafungwa kwa ukanda wa ngozi uliopitishwa kwenye matundu. Fundi wake alihitaji kisu, kitu chenye ncha cha kutobolea, na subira.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, makubadhi, yaani ndara za ngozi, yamevaliwa kwa vizazi vingi, na Lamu ni mojawapo ya miji inayotajwa pamoja nayo. Barani, jamii za wafugaji kama vile Wamaasai na Wasamburu zilitumia ngozi kwa mavazi, mishipi na ala za sime. Jijini Nairobi, soko la Kariokor, ambalo jina lake lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, linajulikana hadi leo kwa ndara za ngozi zilizorembwa kwa shanga.

Cherehani ni changa ikilinganishwa na haya. Mwingereza Thomas Saint alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka wa 1790 kwa mashine ya kushona iliyokusudiwa hasa viatu na kazi nyingine za ngozi. Mashine hiyo ilikuwa na msharasi uliotangulia kutoboa tundu, kisha uzi ukafuata, kama afanyavyo fundi wa mkono. Haikuenea, na hati zake zilisahaulika hadi miaka ya 1870. Ni baada ya Elias Howe kupata hataza yake nchini Marekani mwaka wa 1846, na Isaac Singer mwaka wa 1851, ndipo mashine zenye mshono wa nyuzi mbili zinazofungana zilipoenea duniani.

Kuijua ngozi kabla ya kuikata

Ngozi mbichi huoza. Ili idumu, sharti idabaghiwe, yaani itiwe dawa inayozuia kuoza na kuifanya iwe nyumbufu. Zipo njia mbili kuu za kudabaghi, na mwanagenzi akikosa kuzitofautisha atalaumu mikono yake kwa kosa ambalo ni la ngozi.

Njia ya kwanza ni ya tanini, dawa inayopatikana katika maganda ya miti. Mwati, mti uliotoka Australia na kupandwa katika nyanda za juu za Kenya tangu enzi ya ukoloni, ni mojawapo ya miti inayotoa tanini kwa wingi. Kazi hii huchukua majuma kadhaa, na pengine miezi. Ngozi inayotokana nayo huwa ngumu kiasi, yenye rangi ya hudhurungi hafifu. Hufyonza maji, hushika umbo, na ukingo wake hung'aa ukisuguliwa. Ndiyo ngozi ya mishipi, ya ala za visu na ya matandiko ya farasi.

Njia ya pili ni ya chumvi za kromiamu, ambayo humalizika kwa siku moja au chache. Ngozi hutoka ikiwa na rangi ya samawati, kisha hutiwa rangi nyingine na kulainishwa. Huwa laini, hunyumbuka, na haidhuriki upesi kwa maji. Sehemu kubwa ya ngozi inayotumika duniani hutengenezwa hivi, hususan ya viatu, jaketi na makochi. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya ngozi ambazo Kenya huuza ng'ambo imekuwa ikitoka nchini katika hali hiyo ya samawati, kabla ya kufanywa kitu chochote.

Zipo njia rahisi za kuzitambua. Tone la maji likidondoshwa juu ya ngozi ya tanini ambayo haijapakwa kitu, hunywewa na kuacha doa jeusi kidogo. Ngozi ya kromiamu ikikatwa, mara nyingi katikati ya ukingo wake huonekana rangi ya kijivu au samawati, isipokuwa kama rangi ya juu imepenya hadi ndani. Na ngozi bandia ikikatwa huonyesha kitambaa upande wa chini, na juu yake tabaka jembamba la plastiki.

Methali isemayo “Ngozi ivute ili maji”, yaani ivutwe ingali na maji, hutumiwa zaidi kuhimiza malezi ya mapema. Katika karakana maana yake ni ile ile ya asili. Ngozi ya tanini ikiloweshwa kidogo, huweza kuvutwa, kukunjwa na kufinyangwa juu ya umbo la mti, na ikikauka hubaki na umbo hilo. Ngozi ya kromiamu haitii hivyo.

Jambo la pili ni unene, ambao hupimwa kwa milimita. Pochi ya fedha hutaka ngozi ya milimita 1 hadi 1.5. Mkoba hutaka milimita 2 hadi 2.5, na mshipi wa kiunoni milimita 3 hadi 4. Mwanagenzi asikisie, bali achukue rula akapime, maadamu pochi iliyoshonwa kwa ngozi ya mshipi haitakunjika mfukoni.

Jambo la tatu ni mahali ngozi ilipotoka katika mwili wa mnyama. Ngozi ya mgongo ni imara na hainyumbuki sana, ndiyo maana mishipi hukatwa hapo. Ya tumbo ni legevu na huvutika. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini ngumu kuraruka, ilhali ya kondoo ni laini na dhaifu. Vilevile, ngozi ichunguzwe upande wa juu, ulikoota manyoya, na upande wa nyama. Alama za chuma cha moto, makovu ya kupe na miiba, na michubuko ya kisu cha mchunaji huwa mahali pa kwanza pa kupasuka.

Hakuna haja ya kununua ngozi nzima mwanzoni. Karakana za viatu na mikoba hubaki na vipande ambavyo havizitoshi, na vipande hivyo hutosha kabisa kwa mafunzo. Jaketi kuukuu la ngozi kutoka kwa wauzaji wa mitumba nalo hutoa ngozi nyingi, japo huwa ni ya kromiamu, laini na yenye kuvutika. Kwa mshono wa kwanza wa mkono, kipande kigumu cha tanini chenye unene wa milimita 2 ni rahisi zaidi.

Vifaa vichache

Vifaa vya lazima vyaweza kuenea katika kisanduku kimoja. Kwanza ni kisu chenye makali ya kweli, rula ya chuma na ubao wa kukatia. Kisu butu ndicho cha hatari zaidi, kwani humlazimu mtu kukisukuma kwa nguvu, kikateleza.

Pili ni bikari, ile ile ya hesabu za shule ikiwa na ncha mbili za chuma, kwa ajili ya kuchora mstari sambamba na ukingo. Tatu ni uma wenye meno bapa yaliyopangwa kwa nafasi sawa, ambao hupigwa kwa nyundo ya mti ili kutia alama za matundu. Nne ni msharasi. Msharasi wa kazi hii hauna ndoana kama ule wa washona viatu wa kando ya barabara. Una ncha nyoofu, bapa kidogo, inayotoboa tundu lenye umbo la almasi.

Tano ni sindano mbili zisizo na ncha kali, kwa kuwa tundu limekwisha kutobolewa na sindano kali itauchoma uzi. Sita ni uzi. Kitani ndicho uzi wa jadi. Poliesta haiozi na hustahimili jua kuliko nailoni. Uzi wa pamba wa kushonea nguo haufai, kwa sababu hufa mapema ndani ya ngozi. Saba ni nta ya nyuki, na nane ni gundi na karatasi ya msasa.

Kifaa cha mwisho ni jiriwa ya mbao, yaani mbao mbili zinazobana kazi kama koleo, zikikaliwa au kushikwa kati ya magoti, ili mikono yote miwili iwe huru. Seremala yeyote aweza kuitengeneza, na mwanagenzi mwenyewe aweza kujaribu.

Mshono wa sindano mbili

Mshono huu ndio uliotumiwa na mafundi wa matandiko ya farasi, watu ambao kosa lao lingeweza kumwangusha mpanda farasi. Hufuata hatua hizi.

Vipande viwili hukatwa kwa kipimo kimoja. Pale vitakapokutana hukwaruzwa kwa msasa, hupakwa gundi nyembamba, huachwa ikauke kidogo kama gundi yenyewe inavyoagiza, kisha hubanwa pamoja. Gundi haishiki kazi. Huzuia tu vipande visiteleze wakati wa kushona.

Bikari hufunguliwa kwa milimita 3 au 4. Mguu mmoja huegemea ukingo, mwingine huchora mstari. Uma huwekwa juu ya mstari na kupigwa. Unaposogezwa mbele, jino lake la kwanza huingizwa katika tundu la mwisho lililokwisha kupigwa, na kwa njia hiyo nafasi haibadiliki. Nafasi ya milimita 4 kutoka tundu hadi tundu yamfaa anayeanza. Ngozi ikiwa nene, uma huweka alama tu, na msharasi humalizia kutoboa, ukishikwa wima ili tundu litokee nyuma mahali panapostahili.

Uzi hukatwa mara nne ya urefu wa mshono, na kuongezwa sentimita 20 au 30 za kushika. Kwa hivyo mshono wa sentimita 20 hutaka uzi wa takribani mita moja. Ngozi nene hutaka zaidi, kwa sababu uzi hupita ndani ya unene huo kila mara. Uzi huvutwa juu ya nta mara mbili tatu, kisha sindano moja hutiwa kila mwisho.

Sindano ya kwanza hupitishwa katika tundu la kwanza, na uzi husawazishwa hadi pande zote mbili ziwe na urefu mmoja. Kuanzia tundu la pili, sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia. Sindano ya upande mmoja hutangulia, na uzi wake huvutwa nyuma kidogo ili sindano ya pili isiuchome. Kisha nyuzi zote mbili huvutwa kwa nguvu sawa.

Siri ya unadhifu ni utaratibu. Ikiwa sindano ya kushoto ilitangulia katika tundu la pili, itangulie katika kila tundu, na uzi wa pili upite upande ule ule wa uzi wa kwanza daima. Anayebadilisha utaratibu katikati ya safari ataona uzi ukilala hivi hapa na vile pale. Anayevuta kwa nguvu kupita kiasi ataona uzi ukizama na kuikata ngozi. Makosa yote mawili huonekana wazi, na mshono wa tatu au wa nne huwa tofauti kabisa na wa kwanza.

Mwishoni, sindano hurudi nyuma matundu mawili au matatu, na uzi hukatwa. Ncha za poliesta huyeyushwa kidogo kwa moto wa kiberiti ili zisirudi ndani. Za kitani hukatwa tu karibu na ngozi. Mshono hupigwa polepole kwa nyundo laini ili ulale. Ukingo husuguliwa kwa msasa, hutiwa unyevu kidogo, kisha husuguliwa tena kwa kitambaa kigumu hadi ung'ae.

Tofauti iliyomo ndani ya tundu

Mshono wa mkono na wa cherehani hufanana kwa nje. Tofauti yao imo ndani ya tundu.

Cherehani hutumia nyuzi mbili. Mmoja hubaki juu, mwingine hutoka kwenye bobini na kubaki chini. Nyuzi hizo hukutana katikati ya ngozi, zikakumbatiana, kisha kila mmoja hurudi upande wake. Uzi wa juu hauwi kamwe chini, wala wa chini hauwi juu. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, ule wa pili hauna cha kukumbatia mahali hapo, na kila kuvutwa kwa ngozi huuchomoa uzi uliokatika hatua moja zaidi. Huko ndiko kufumuka kwa mkanda wa mkoba wa Januari.

Katika mshono wa sindano mbili, ni uzi mmoja unaosafiri kwa miisho yake miwili, na kila mwisho huvuka ngozi katika kila tundu, leo upande huu, hatua ijayo upande wa pili. Ukikatika mahali pamoja, mwisho wa pili bado umepita pale pale na kushikilia. Zaidi ya hayo, nyuzi mbili zilizopakwa nta hubanana ndani ya tundu moja, na msuguano wao huzuia uzi uliokatika usichomoke. Mwenye kitu hupata muda wa kuona dosari na kuirekebisha.

Haya hayamaanishi kwamba mshono wa cherehani ni mbovu. Ukishonwa kwa uzi unaofaa na mvuto uliosawazishwa, hudumu miaka mingi. Hata hivyo, panapovutwa sana, kama vile shina la mkanda au pembe ya mfuko, mkono ndio wenye kuaminika zaidi.

Cherehani, na wakati wake

Faida kuu ya cherehani ni kasi. Mshono wa mita moja wenye nafasi za milimita 4 una hatua 250. Mwanagenzi anayetumia nusu dakika kwa kila hatua ataumaliza kwa saa mbili na dakika tano. Mashine huumaliza katika muda wa kunywa funda moja la chai. Mkoba mkubwa waweza kuwa na mita kadhaa za mshono, na hapo ndipo mtu huanza kuitamani mashine kwa sababu ya haki.

Cherehani ya nyumbani, ile ya kushonea nguo, huweza ngozi nyembamba na laini tu, kama ya jaketi. Mota yake ni ndogo, na meno yake ya kusukuma kazi yako chini pekee, ilhali ngozi hunata kwenye mguu wa juu unaokandamiza. Matokeo yake ni hatua zisizolingana, sindano kuvunjika, na pengine mashine nzima kuharibika.

Anayelazimika kuitumia azingatie mambo machache. Atumie sindano ya ngozi, ambayo ncha yake hukata, ya namba 100 au 110. Namba hizo ni unene wa sindano katika sehemu za mia za milimita, yaani milimita 1 au 1.1. Urefu wa hatua uwe milimita 3 hadi 4, kwa kuwa matundu yaliyosongamana huigeuza ngozi kuwa kama karatasi ya stempu, ikachanika kwa urahisi. Asitumie pini, maana tundu la ngozi halizibi tena, atumie vibanio. Asishone kwa kurudi nyuma, bali afunge nyuzi kwa mkono. Na kila mara ajaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi ile ile.

Aina ya pili ni cherehani ya fundi viatu, ile ya chuma kizito inayozungushwa kwa gurudumu, yenye mkono mwembamba unaoingia ndani ya kiatu. Mguu wake huweza kugeuzwa pande zote, hivyo fundi hushona kuelekea upande wowote bila kuigeuza kazi. Mfano maarufu ni Singer 29K, iliyotengenezewa Kilbowie nchini Scotland, na ipo mingi iliyoigwa nchini China. Haitaki umeme, na ni nzuri kwa ukarabati. Lakini bobini yake ni ndogo, na haikuundwa kwa mishipi minene.

Aina ya tatu ni ya viwandani, ambamo sindano, mguu wa juu na meno ya chini husogea pamoja na kuibeba ngozi bila kuteleza. Hii ndiyo mashine halisi ya mikoba. Ni nzito, huja na meza yake, na bei yake si ya majaribio. Mota za zamani za mashine hizi hukimbia mno kwa mtu asiyezoea. Mota za kisasa zinazoweza kupunguzwa mwendo humfaa zaidi anayeanza.

Anayenunua iliyotumika aende dukani na ngozi yake mwenyewe na uzi wake mwenyewe. Azungushe gurudumu kwa mkono na kusikiliza kama kuna mahali panapokwama. Ashone mstari, augeuze, na aangalie kama nyuzi zimekutana katikati ya ngozi au zimejitokeza upande mmoja. Aulize pia sindano na bobini zake hupatikana wapi, kwani mashine isiyo na vipuri ni chuma tu.

Wakati wa kununua umefika pale mtu anapoweza kushona kwa mkono mshono ulionyooka, na anachokilalamikia kimebaki kuwa muda peke yake. Kabla ya hapo, mashine itafanya makosa yale yale, kwa kasi zaidi.

Kazi za kuanzia

Kazi ya kwanza na iwe kishikio cha funguo, kipande kimoja kilichokunjwa chenye mshono wa sentimita chache. Akiharibu, hasara ni ndogo. Ya pili ni kifuko cha kadi chenye vipande viwili au vitatu, kinachofunza kupanga pembe. Ya tatu ni mshipi wa kiunoni, ambao mshono wake wa lazima ni pale bizimu inapofungwa tu, lakini hufunza kukata mstari mrefu ulionyooka na kung'arisha ukingo. Mkoba na makubadhi vifuate baadaye.

Ni heri kukata kiolezo cha karatasi ngumu kwanza, kukikunja na kukifunga kwa utepe wa gundi, na kuona kama kadi au fedha zinaingia. Karatasi ikikosewa hutupwa. Ngozi ikikatwa haiungiki.

Usalama na sheria

Gundi nyingi za viatu zina vimumunyisho vyenye mvuke unaodhuru, kwa hivyo zipakwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto na watoto. Mabaki ya ngozi ya kromiamu yasichomwe jikoni wala uani, kwa sababu moto waweza kuigeuza kromiamu kuwa ya aina yenye sumu. Mkono usiokata uwe nyuma ya kisu daima, kamwe usiwe mbele ya njia yake.

Kuhusu sheria, mwanagenzi ajifunge kwa ngozi za mifugo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inaadhibu vikali kumiliki sehemu za wanyama hao bila kibali. Kipande cha ngozi ya pundamilia au chatu kinachouzwa kichinichini si mapambo, ni kesi.

Kurudi kwenye mkoba

Mwenye kufika hapa anaweza kuurudia mkoba ule wa Januari, nao ni somo jema kuliko kipande kipya. Matundu yapo tayari, yalikwisha kutobolewa na mashine, ingawa yapaswa kupanuliwa kidogo kwa msharasi. Mabaki ya uzi uliokatika huchomolewa, mkanda hurudishwa mahali pake kwa gundi kidogo, na uzi uliopakwa nta hutiwa sindano mbili. Pale mashine ilipoweka matundu yaliyokaribiana mno, moja huweza kurukwa.

Shina la mkanda mmoja huwa na hatua ishirini au thelathini hivi. Kwa mwendo wa mwanagenzi, ni kazi ya robo saa, na pengine nusu saa akiwa mwangalifu. Mkanda wa pili, ambao haujakatika, nao ushonwe jioni hiyo hiyo, kwa sababu ulishonwa na mashine ile ile na uzi ule ule. Muhula wa pili ukifunguliwa, mtoto atabeba vitabu vyake katika mkoba ule ule.